Kibago Kilichopanda Ngazi za Wima

Watu wa Wima hawaulizani habari. Wakikutana njiani mmoja husema, "Umetimia?" na mwenzake hujibu, "Nimetimia," kisha kila mtu hushika njia yake. Mbeyu alipoisikia salamu hiyo langoni alidhani anaulizwa habari za mfuko wake wa kazi. Akaufungua, akachungulia.

"Msumeno upo, patasi ipo, uzi wa kupimia upo," akasema. "Nimetimia."

Mlinzi wa lango hakucheka. Alimsimamisha ukutani, palipochorwa umbo la mtu kwa chokaa, akafumba jicho moja, akaandika kwenye kibao: *Mgeni. Mguu wa kushoto umepungua urefu wa vidole vitatu. Anatumia gongo. Siku tatu.* Kibao hicho akamvisha shingoni.

"Siku tatu za nini, mwanangu?"

"Za kuzuru, mama. Mtu asiyetimia akikutwa humu siku ya nne, husamehewa."

"Husamehewa nini?"

"Kila kitu," alisema mlinzi, kwa upole wa kweli kabisa.

Halafu akakizunguka kile kiti chenye magurudumu mawili ambacho Mbeyu alikuwa amekisukuma njia nzima huku akikiegemea. Alijikuna kichwa, na mwisho akakiandika: *mkokoteni*.

Mbeyu binti Chiro alikuwa fundi viti. Hakufundishwa na mtu. Utotoni alipewa kiti kilichovunjika achezee, akakifungua, akakifunga, na tangu siku hiyo hakuacha. Alikuwa na desturi moja ambayo wateja wapya waliilalamikia: hakugusa ubao kabla mtu hajaketi mbele yake akampima kwa uzi, kutoka goti hadi ardhini, kutoka kiuno hadi kiwiko. "Kiti si changu," alikuwa akisema, "mimi ninajuaje?"

Safari ya Wima aliifanya kwa ajili ya barua. Mdogo wake, Nyevu, alikuwa ameishi huko miaka tisa akishona nguo, na nguo zake zilisifiwa. Kisha homa ikamshika, ikamwachia roho na kuondoka na nguvu za miguu. Barua yake ilikuwa na maneno sita: *Dada, wananilisha vizuri sana. Njoo unichukue.*

Mbeyu hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Kabla ya kwenda kwa mdogo wake alitaka kuuelewa mji, maana aliamini kwamba hata kiti kibaya kina sababu ya ubaya wake. Akaambiwa kwamba juu ya jumba la Baraza kuna chumba, na ndani ya chumba amesimama Kipimo, sanamu ya mti yenye umbo la mtu. Waasisi wa Wima walikusudia haki. Walitaka mlango usijengwe kwa urefu wa tajiri wala kisima kwa mkono wa jirani, basi wakamchonga mtu mmoja asiye mtu wa yeyote, na kila kitu kikapimwa kwake: mlango kwa kichwa chake, komeo kwa mkono wake, herufi za matangazo kwa macho yake. Vidato vya ngazi vilipimwa kwa goti lake.

"Wazo si baya," Mbeyu aliwaza. Akatoa uzi, akaanza kupima. Kila kidato cha ngazi kilikuwa shubiri mbili kwenda juu. Kwenye mabenchi ya sokoni watu walikaa ukingoni kama ndege juu ya waya. Mlangoni, warefu waliinamisha kichwa na kujifanya wanasalimu. Tena mji mzima ulinukia karafuu na mchaichai. Mwuzaji mmoja alikuwa na chupa hamsini za mafuta hayo, na yeye mwenyewe alikuwa akijipaka.

"Haya mafuta ni ya nini?" Mbeyu alimuuliza.

"Manukato, mama."

"Mbona unayapaka magotini?"

"Magoti nayo," alisema yule bwana bila kuinua macho, "yana haki ya kunukia."

Nyumba ya Waliosamehewa, alikowekwa Nyevu, ilikuwa safi. Msimamizi wake, Bi Stara, alimpokea Mbeyu kwa mikono miwili na machozi tayari kwenye kope. Alimweleza kwamba waliosamehewa huamshwa kwa wimbo, hulishwa mara tatu, na hawaruhusiwi kuchoka. Nyevu alikuwa kitandani kwenye chumba kilichopakwa rangi ya waridi, ameegemea mito minne.

"Umechelewa," alisema Nyevu.

"Nilikuwa ninamalizia kiti cha mteja."

"Yaani kiti ni bora kuliko mimi?"

"Kiti kina miguu imara. Wewe unayo gani?"

"Na wewe je? Mama alizaa miguu minne, unaotii ni mmoja." Nyevu akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na dada yake akamshika kichwa. Baadaye alijifuta akauliza, "Huyo mteja ni nani, hata anitangulie?"

"Mkorofi mmoja niliyempima kabla hajahama. Anaandika barua za maneno sita."

Nyevu alichomoa mto mmoja mgongoni, akautupa kando.

"Wananipenda hapa," akasema. "Ndiyo shida yenyewe. Nimesamehewa kushona, nimesamehewa kwenda sokoni, nimesamehewa kusema neno. Cherehani yangu ni ya mkono, dada! Nilimweleza Bi Stara kwamba haihitaji mguu hata mmoja. Akalia, akasema nina moyo wa ajabu, akanikumbatia, akaifungia stoo. Juzi walikuja na rangi. Nikawaambia napenda kijani. Wakasema, usijisumbue, tumeshakuchagulia. Nimesamehewa, na mpaka leo sijui nilikosa nini."

Dirishani, nyuma ya nyumba, Mbeyu aliona njia laini ya mawe ikishuka polepole kutoka jikoni hadi barabarani. Punda alikuwa akipanda na mkokoteni bila kutoa jasho.

"Ule mteremko ni wa nini?"

"Wa magunia," alisema Bi Stara, aliyekuwa akiingia na sinia la chai.

"Na mtu akipita?"

Bi Stara alishangaa. "Atakuwa gunia, mama."

Kesho yake alikuja mzee mwembamba, Ngwali, Karani Mkuu wa Baraza. Kazi yake kuu, kila mwaka, ilikuwa kuwaingiza waheshimiwa mmoja mmoja kwenye chumba cha Kipimo, kuwapima nyuma ya pazia, na kuandika kwamba wametimia. Alikaa karibu na kitanda, akatazama huku na huku. Karatasi yake aliishika karibu na pua kama mtu anayeinusa.

"Nimesikia dada yako ana kibali cha siku tatu," alimwambia Nyevu. "Na leo ni ya pili. Sheria ya kumtoa aliyesamehewa ni ngumu. Ndugu yake apande ngazi za Baraza mwenyewe, vidato sitini na vitatu, aseme juu kabisa kwamba ametimia. Akikwama katikati, naye anasamehewa palepale. Sipendi kuyaona hayo." Akashusha sauti. "Lakini kitabu cha mteremko ninakikagua mimi. Mkokoteni mnao. Naweza kuandika: gunia moja la mtama. Mtafunika kwa turubai, na jioni mtakuwa mmeshavuka lango."

Mbeyu alikuwa ameshafungua kinywa kusema ahsante.

"Hapana," alisema Nyevu.

"Mdogo wangu—"

"Hapana, dada. Niliingia Wima kwa jina langu. Sitatoka nikiwa mtama."

"Ukitoka tu, jina utalikuta nje!"

"Ni rahisi kwako kusema. Wewe utaandikwa mtu." Nyevu alimgeukia karani. "Nakushukuru, mzee wangu. Una roho nzuri. Ila kuna wanawake ishirini na sita humu ndani. Utawaandika nini wao? Mahindi?"

Ngwali alikunja karatasi yake mara nne, akatoka bila kuaga.

Mbeyu alikunja na kukunjua uzi wake hadi hasira ikatulia. Miguu yake aliijua. Kidato cha shubiri mbili asingeweza kukipanda, hata kimoja, sembuse sitini na vitatu. Akiendelea na ubishi wangesamehewa wote wawili, wangeimbiwa kila asubuhi katika chumba cha waridi mpaka wazeeke. Aliwaza hayo yote kwa utaratibu, kama anavyopanga mbao. Kisha akamwomba Bi Stara sanduku tupu la sabuni, na mchana huo, kivulini nyuma ya jiko, akatengeneza kibago, kigoda cha kukanyagia. Kilikuwa kidogo na chepesi, kina miguu minne na kamba ya kukivutia. Kimo chake kilikuwa shubiri moja kamili.

"Ndicho hicho?" Nyevu aliuliza.

"Ndicho. Kila kidato nitakifanya viwili."

"Vitakuwa mia na ishirini na sita."

"Wewe si ndiye hodari wa hesabu? Basi nihesabie."

Asubuhi ya siku ya tatu watu walijaa chini ya ngazi za Baraza. Nyevu aliletwa kwenye mkokoteni, amekaa wima, bila turubai. Bi Stara alikuwa amemruhusu kwa saa moja ya hewa, maana hewa ilikuwa miongoni mwa vitu ambavyo waliosamehewa walistahili.

Mbeyu aliweka kibago mbele ya kidato cha kwanza. Akapanda kibago kwa mguu mzima, akaegemea gongo, akapanda kidato, akavuta kamba, kibago kikamfuata. Watu wakaguna.

"Anapanda na nyumba yake kama konokono!" alipayuka kijana mmoja.

"Kwani konokono hafiki?" Mbeyu alijibu bila kugeuka, na kicheko kikahamia upande wake.

Kwenye kidato cha ishirini alibadilisha mkono wa gongo. Kwenye cha thelathini na tano alikaa juu ya kibago akapumua, na walinzi wakasogea na karatasi ya msamaha. Kutoka chini ikasikika sauti ya Nyevu: "Bado hamsini na sita, fundi! Na kazi yangu ya kuhesabu inanichosha!" Mbeyu akainuka. Bibi mmoja aliyekuwa akipanda kando yake, akishika goti kwa mikono yote miwili kila hatua na kunukia karafuu, alimnong'oneza:

"Mwanangu, ukishamaliza, hicho kibago utakiacha wapi?"

Jua lilikuwa limefika utosini alipokanyaga kidato cha mwisho na kusema, "Nimetimia."

Ndani ya ukumbi waheshimiwa saba walikuwa wameketi, na katikati yao Mwamuzi Mkuu Tambwe, juu ya kiti kirefu kilichopimwa kwa Kipimo. Hapakuwa na aliyekana kwamba Mbeyu amefika. Kilichobishaniwa ni kama amepanda.

"Sheria inasema *mwenyewe*," alisema mheshimiwa wa kwanza. "Huyu alikuwa na kibago."

"Tukikubali kibago leo," alisema wa pili, "kesho watapanda na vitanda."

"Ngazi ndefu hufunza adabu," alisema wa tatu, akisugua goti lake chini ya joho. "Sisi zimetufunza."

Mwamuzi Tambwe aliweka mkono sikioni kila mmoja aliposema, kisha akasema kwa sauti ya kuchoka, "Mama, tunakuheshimu. Lakini kibago si wewe. Ukiondoa kibago, umepanda?"

"Sijapanda, Mheshimiwa," alisema Mbeyu. Alikuwa bado anahema. "Nami nina swali, kama linaruhusiwa. Tukiondoa ngazi, nyinyi mmepanda?"

Akaelekeza gongo ukutani.

"Ukuta wa jumba hili una kimo cha minazi miwili. Hakuna mtu anayeweza kuuruka. Waliojenga waliliona hilo, wakawawekea ngazi, wala hawakusema mmepungua. Ngazi ni kibago, Mheshimiwa, kibago kirefu. Ila mlipofika urefu wa miguu yenu, mkaacha kujenga."

Waheshimiwa watatu walisema kwa pamoja, na haikusikika hoja ya yeyote. Mbeyu hakuwasikiliza. Macho yake yalikuwa yameshaenda yanakokwenda siku zote, kwenye kiti. Viatu vya Mwamuzi Mkuu vilikuwa vikining'inia hewani, shubiri moja kutoka sakafuni.

"Mheshimiwa," aliuliza, "miguu yako hufa ganzi?"

"Nini?"

Akasogea na kurudia kwa sauti kubwa, na neno *ganzi* likagonga kuta zote nne. Tambwe alitazama kulia, akatazama kushoto.

"Baada ya adhuhuri," alisema polepole. "Mwaka wa ishirini na mbili huu. Jioni hunishusha watu wawili."

Mbeyu alikokota kibago chake, akakiweka chini ya viatu vile, akakisogeza kidogo mbele, kidogo nyuma, kama afanyavyo kwa mteja yeyote. Miguu ya Mwamuzi ikatua.

Kwanza mabega yake yalishuka. Kisha ikamtoka pumzi ndefu sana, pumzi iliyoonekana kutoka miaka mingi nyuma, hata mheshimiwa aliyekuwa bado anabisha akanyamaza kuisikiliza.

"Aaah," alisema Mwamuzi Mkuu.

Ndipo Karani Ngwali aliposimama mahali pake, akiwa amekibana kitabu kikubwa kifuani.

"Na mimi niseme, kabla sijaogopa tena," alisema. "Nimepima watu wa ukumbi huu miaka thelathini na mmoja. Hajatimia hata mmoja."

"Ngwali!"

"Hata mmoja, Mheshimiwa! Waasisi walipima watu elfu moja, wakachukua mkono wa wastani wa wote, mguu wa wastani wa wote, kichwa cha wastani cha wote, wakaviunga. Mtu wa namna hiyo hakuzaliwa. Aliyefikia mkono hakufikia mguu. Mwaka wa kwanza niliona haya kuliandika, nikaandika *ametimia*. Mwaka wa pili nikaona haya ya mwaka wa kwanza." Alicheka kidogo, machozi yakimtoka. "Na macho yangu yalififia miaka sita iliyopita. Siwezi kukisoma kitabu hiki. Nimekihifadhi kichwani."

Ilitarajiwa angezomewa. Badala yake ukumbi ulishusha pumzi kama mtu anayevua kiatu kinachobana. Mheshimiwa wa tatu alinyoosha goti lake mbele ya watu wote. Mwingine akatoa kioo cha kukuzia kilichokuwa kimeshonewa ndani ya mkono wa joho, akamkabidhi karani, akasema, "Jaribu hiki, ndugu yangu."

Hukumu ya Mwamuzi Tambwe ilikuwa fupi. Mbeyu amepanda. Nyevu na wote waliosamehewa warudishiwe kazi zao na makosa yao, na mteremko ufunguliwe kwa watu. Lakini Wima haikugeuka kwa siku moja. Muda uleule waliunda kamati ya kujenga mteremko wa Baraza, na wajumbe wakawa saba, wote warefu. Ilibidi Nyevu apaaze sauti kutoka chini, ujumbe upokewe mdomo kwa mdomo hadi ukumbini: "Nani kati yenu atautumia? Niulizeni mimi kabla mchanga haujaletwa, msije mkaniuliza ukishakauka." Wakaandika jina lake la nane, kisha, baada ya kushauriana, la kwanza.

Palibaki Kipimo. Mheshimiwa mmoja alishauri achomwe moto. Mbeyu aliingia chumbani, akamgonga kifuani kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Mninga mkavu namna hii mnauchoma?" alisema. "Hapa kuna vibago kumi na vinne. Nileteeni msumeno wangu."

Kwa hiyo siku ya nne ilimkuta bado yumo ndani ya Wima, amekaa juu ya rundo la vumbi la mbao, na hakuna aliyemsamehe. Kibago cha kwanza kilikwenda kwa yule bibi wa ngazini.

Alasiri akaenda kumchukua mdogo wake. Cherehani ilikuwa imeshafungwa nyuma ya kiti chenye magurudumu, ambacho sasa kilikuwa na mto mwembamba wa kijani ulioshonwa asubuhi ile ile. Bi Stara alilia mlangoni. Nyevu akamshika mkono.

"Usilie, Bi Stara. Nitahitaji msichana wa kunishonea vifungo, na wewe una vidole vizuri. Nitakwenda nyumbani miezi miwili, halafu nitarudi. Kamati bila mimi itajenga ukuta."

Juu ya mteremko, mlinzi wake, Faki, alikuwa amesimama na kitabu chake, pale aliposimama miaka kumi na minane bila kiti. Hukumu alikuwa ameisikia. Shida yake ilikuwa kitabu. Kila ukurasa ulikuwa na safu moja tu, na juu yake palichapwa: *Aina ya mzigo*.

"Niandike nini, mama?" alimuuliza Mbeyu.

"Muulize mwenyewe."

Faki akainama. "Niandike nini, bibie?"

"Nyevu binti Chiro. Fundi cherehani."

Faki alitoa rula, akapiga mstari mpya pembeni mwa ukurasa, akaandika pole pole. Nyevu akashika magurudumu kwa mikono yake mwenyewe, dada yake akatembea kando akiwa ameegemea mgongo wa kiti, nao wakashuka. Mawe yalikuwa laini. Nyevu aliachia magurudumu kidogo, kiti kikaongeza mwendo, na akapiga kelele kama mtoto kwenye bembea.

Nyuma yao foleni ilikuwa imeshajipanga. Mama mmoja alikuwa na mapacha mikononi, mwuzaji wa manukato amebeba chupa zake, na Mwamuzi Mkuu Tambwe amebana kibago kwapani. Faki aliwaandika wote kwa majina. Alipowamaliza alitazama barabara, hapakuwa na mtu. Akashika nyonga yake, ile ya kulia ambayo maumivu yake hakuwahi kumwambia yeyote, akainamia kitabu na kuandika: *Faki. Mlinzi.* Kisha akaweka kalamu juu ya ukurasa isipeperuke, akashuka taratibu mpaka chini.